Ukuta wa Mbele

Mimi ni Byamungu, mwashi, au masoni kama tunavyosema sisi wa Kivu. Ukifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, pale Base Camp, ukauliza nyumba ya Byamungu, watakuuliza unataka ile anayolala au moja ya zile alizojenga, maana alizojenga ni mingi. Nilishika mwiko kule Luvungi nikiwa na miaka kumi na tano, na tangu siku hiyo sijajenga ukuta ukapinda. Wapo wanaosema ninajisifu. Waseme tu, halafu waende wakaweke nivo, kile kipimo cha fundi, juu ya kuta zangu, waone kama kipovu hakitakaa katikati.

Haya ninayokusimulia ni ya mwaka jana, mwezi wa kumi, na yalianza na karatasi.

Karatasi ile ilichorwa na binti yangu Eliane. Ana miaka ishirini na ameandika mchezo wa kuigiza. Si vile vichekesho vya kunawa mikono tunavyoletewa na mashirika. Huu ni hadithi ya kizamani, ya wafalme, ila ameitunga mwenyewe. Mfalme mmoja ameiba mvua, akaifungia ndani ya chungu, chungu akakificha chini ya kitanda chake. Nchi nzima inakauka. Msichana mmoja anaingia kwa mfalme kufanya kazi ya ndani. Anafagia, anafagia, mpaka siku ufagio unagonga chungu. Alitusimulia jikoni, mama yake akasahau bugali ukaungua. Tuliula hivyo hivyo na hakuna aliyelalamika.

Sasa, kule Mbarara kuna ukumbi, ng'ambo ya mto Rwizi upande wa Nyamitanga, wenye jukwaa la mbao na taa za rangi. Wenye ukumbi walitangaza kwamba Desemba watatoa siku moja kwa kundi moja kutoka kambini. Makundi yaliyoomba yalikuwa manne. Kila kundi lilitakiwa kupeleka maketi, yaani jukwaa dogo la mfano, kila mita ya kweli imekuwa sentimita kumi, ili waone vitu vitakaa wapi na watu watatokea wapi. Wangetazama, wangeuliza maswali, wangechagua moja.

Eliane alikuwa amengoja mlango wa namna hiyo tangu masomo yake yalipokatika. Hakuwa anasema, lakini chakula kilikuwa kimeanza kumshinda. Mimi baba yake nilijua: akikataliwa, lile daftari lenye mchezo litaingia chini ya godoro na halitatoka tena.

"Papa," akaniambia, "utanijengea?"

"Unauliza?" nikamjibu.

Akaniachia karatasi, akapanda gari kwenda Mbarara na mwalimu Léoncie, yule mama Mrundi anayeongoza kundi lao. Walikuwa na mafunzo ya wiki mbili kwa masista. Mimi ningewafuata na maketi Jumamosi ya mwisho, siku yenyewe ya kuchaguliwa.

Alipoondoka niliikunjua karatasi vizuri, nikaona kosa. Mtoto alikuwa amechora kuta tatu. Wa nyuma upo, wa kushoto upo, wa kulia upo. Mbele patupu. Nilicheka peke yangu. Nikasema, haya, akili yote imeenda kwenye hadithi, nyumba imesahauliwa. Hapa kwetu kambini nyumba isiyo na ukuta wa mbele ni kiwanja ambacho mwenyewe hajahamia. Hata jirani anaona ruhusa ya kufunga mbuzi wake humo. Na nikuambie na jambo lingine. Nyumba ya kuta tatu nimeiona mara moja maishani, nayo ilikuwa yangu, siku vita vilipotutoa Luvungi na kuangusha ukuta wa mbele. Kitanda kilionekana kutoka barabarani, na sufuria, na nguo za mke wangu. Sikutaka kuiona tena, hata ikiwa ndogo ya kuwekwa mezani.

Mama Eliane akasema, "Pigia mutoto simu, umuulize kwanza."

"Nimuulize nini? Kama nyumba inahitaji mlango?"

Sikutaka kumwaibisha. Nikaamua kumrekebishia kimya kimya.

Wengine hutengeneza maketi kwa katoni na gundi. Katoni ni ya kubebea biskuti. Mimi nilichonga forma ya mbao yenye matundu ishirini, kila tundu lina urefu wa kiungo kimoja cha kidole, nikafyatua matofali. Matofali ya kweli, ya udongo. Nikayaanika juu ya bati, yakikauka nayazika ndani ya makaa kwenye mbabula, lile jiko la mke wangu, mpaka yanatoka mekundu. Yalikuwa elfu mbili na zaidi. Siku ya tatu mke wangu aliniuliza kama tutakula hayo matofali. Nikamwambia avumilie, mfalme anahamia.

Kisha nikajenga. Udongo wa kushikisha niliutoa kwenye kichuguu, nikauchekecha kwa kipande cha chandarua. Mstari kwa mstari, kila tofali limekalia mawili ya chini yake. Kwenye kona nikafunga, kama inavyotakiwa: tofali la ukuta huu linaingia ndani ya ukuta ule, la ule linaingia ndani ya huu, mpaka kuta zote nne zinashikana. Paa nikaliezeka kwa nyasi, juu ya miti iliyolala kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia. Ndani nikaweka kitanda, chungu chini yake, mkeka aliousuka mke wangu, na msichana wa majani ya mgomba ameshika ufagio. Vyote nilivipanga kupitia juu, kabla ya kuezeka. Na mbele nikaweka ukuta wangu, mzuri kuliko yote, wenye kidirisha na mlango wa ubao unaofunguka na kufunga.

Jirani yangu Nicodème, Mrundi, kiongozi wa sala, alipita akaona kijumba kinakauka uani. Akasimama mbali. Kwao zamani, na kwetu vilevile, wazee walijenga vijumba vidogo nyuma ya nyumba kwa ajili ya mizimu, na mkristo akionekana na kijumba cha namna hiyo ana maneno ya kujibu.

"Byamungu," akasema, "umerudi huko?"

"Mizimu gani inataka mlango wenye bawaba?" nikamwambia. "Njoo uangalie, usinichafulie jina."

Akaja. Aliufungua na kuufunga ule mlango mpaka nikamwambia bawaba zitachoka. Alipoondoka aliniomba nimwite siku ya kukipakia.

Jumamosi asubuhi tulikipakia, mimi na yeye, kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa anapeleka maharage Mbarara. Nilikaa nyuma, kijumba nimekipakata juu ya blanketi. Tulipofika mji wa Kaberebere dereva alisimama kuongeza mikungu ya ndizi, nikakataza mkungu wowote kusogea karibu yangu. Tuligombana kidogo, lakini ndizi zilikaa mbali.

Saa tano nilikuwa mbele ya ukumbi. Eliane na Léoncie walitoka kunipokea, wakashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaingiza kijumba kikiwa bado kimefunikwa. Mle ndani makundi mengine yalikuwa yamepanga katoni zao. Alikuwepo na mkuu wa ukumbi, Bwana Rwakabuba, Mnyankore mrefu mwenye sauti nzito na Kiswahili cha sokoni. Nikavuta blanketi.

Watu waliacha katoni zao. Sisemi uongo. Mmoja alikuja akagusa tofali, mwingine akaja, wakazunguka wote. Bwana Rwakabuba aliinama, akafungua mlango kwa kidole kimoja, akafunga. "Banange," akasema polepole, kama sisi tunavyosema jamani. Mimi nilisimama nyuma nimefunga mikono, nimeshiba sifa bila kula.

Kisha nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameshika mdomo.

"Papa," akasema, "huu ukuta wa mbele ni wa nini?"

"Ulikuwa umeusahau. Nimekuongezea."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinishika mkono, akanipeleka hadi katikati ya viti, akanikalisha. "Batu batakaa huku," akasema. "Mfalme analala kule, musichana anafagia kule, chungu kiko kule. Sasa wewe uko hapa. Unaona nini?"

Nilitazama. Niliona ukuta. Ukuta mzuri sana, ulionyooka, na nyuma yake hadithi yote ya mtoto wangu ambayo hakuna mtu angeweza kuiona. Miaka mingi nimejenga ili watu wasione ndani, na sasa nilikuwa nimemjengea yeye hivyo hivyo.

"Nisamehe," nikamwambia. Neno hilo huwa silisemi mara mingi.

Léoncie, ambaye ni mtu wa haraka, alisema, "Baba Eliane, zamu yetu ni ya mwisho, saa nane. Tuubomoe tu."

"Tuubomoe tu," nikarudia, na hasira zikapanda. "Mwalimu, ile si katoni. Nimefunga kona. Ukivuta ukuta wa mbele, wa kushoto na wa kulia zinakuja nao, na paa linaanguka juu ya kitanda. Tutawaonyesha rundo la matofali."

Eliane alikuwa amerudi kwenye kijumba. Alichuchumaa, akachungulia kidirishani, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akauliza bila kugeuka, "Huu udongo wa kushikisha, uliweka sima?"

"Saruji ya nini? Udongo mtupu."

"Kama unamwagiwa maji?"

"Udongo mukavu ukikunywa maji unaachia. Ndiyo maana nyumba inapigwa lipu."

Akasimama. Macho yake yalikuwa yamebadilika. "Basi tuuache," akasema. "Batu wasione kitu. Wasikie ufagio tu, siku zote, ndani ya nyumba ya mufalme. Sauti ya mfalme, sauti ya musichana, na ukuta. Halafu chungu kinavunjika, mvua inatoka, na mvua yenyewe ndiyo inaangusha ukuta. Hapo ndipo wanamwona. Wanaona alikuwa anaishi fasi gani, ndani ya nyumba gani."

Léoncie akasema, "Yesu wangu," akakaa chini.

Hata mimi nilitaka kuiona. Lakini mimi ni fundi, nikasema lile ambalo fundi lazima aseme. "Hautaanguka peke yake. Nimekwambia, kona zimefungwa."

"Basi zifungue."

Nataka uelewe alichokuwa ananiomba. Ukuta usiofungwa kona ni ukuta uliosimamishwa tu pembeni ya mwingine, hauna ndugu. Ni kazi ya mwizi. Kijana mmoja, Bienfait, nilimfukuza kazini mbele ya mama mkwe wake kwa kona moja ya jiko. Na sasa mbele ya watu wa Mbarara, ambao walikuwa wametoka kunisifu, mwanangu anataka niichukue kazi yangu bora niiharibu kwa mikono yangu.

"Unaniomba nijenge vibaya," nikamwambia.

"Ndiyo, Papa. Vibaya kabisa."

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye uzio nikitazama pikipiki zinavyoshuka kuelekea daraja la Rwizi, nikaongea peke yangu maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilijiambia narudi Nakivale. Nilijiambia wachague katoni. Nilipogeuka kutafuta kofia yangu nilimwona Eliane kupitia mlangoni. Alikuwa amekaa sakafuni, daftari juu ya goti, anafuta na kuandika upya, haraka, ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa anaandika ukuta unaanguka. Mimi sijakubali bado, na yeye ameshaandika kwamba umeanguka.

Basi nikarudi. Ningefanya nini?

Niliomba maji kikombe na kitambaa. Nililowesha kona ya kushoto kidogo kidogo, nikachomoa tofali moja kwa ncha ya kisu, nikalikata katikati, nikarudisha nusu. Tofali lililokuwa linaingia kwenye ukuta wa pembeni sasa liliishia mpakani. Nikashuka kwenye mstari wa chini, nikafanya vilevile. Eliane aliacha daftari akaja kunishikia matofali, akiyapanga kwenye kiganja. Kila nusu niliyorudisha mkono wangu ulikataa, nikaulazimisha. Kona ya kushoto ikaisha, nikahamia ya kulia. Mwishowe palikuwa na mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini, kila upande, unaopitisha wembe. Mtu asiyejua angeona nyumba ileile. Mimi niliona aibu mbili zimesimama wima.

Kujaribu hatukuweza, ukuta ulikuwa mmoja tu.

Saa nane wakatuita. Waamuzi walikuwa watatu mbele ya meza: Bwana Rwakabuba, mama mmoja mwenye mvi anayefundisha uigizaji, na kijana wa kompyuta. Maketi yetu ikawekwa juu ya meza, karibu na karatasi zao. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa.

Eliane alianza kusimulia. Sauti yake mwanzoni ilikuwa chini, kisha ikasimama sawa. Léoncie, nyuma ya pazia, alifagia sakafu kwa ufagio wa kweli. Fyagi, fyagi, fyagi. Kijumba kimefungwa, kinatazamana na watu, na ule ufagio unasikika kama unatoka ndani yake. Yule mama mwenye mvi aliinamisha kichwa kujaribu kuona kidirishani. Nikasema moyoni, ameshikwa.

Ufagio ukakoma. Chungu kikavunjika, Léoncie alikuwa ameazima chungu kweli, na alikivunja kweli. Eliane akachukua jagi la maji, akaanza kumwaga juu ya ukuta wa mbele, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.

Hakuna kilichotokea.

Maji yalitiririka juu ya matofali, yakaingia mezani, yakagusa karatasi za waamuzi. Kijana akainua kompyuta yake. Ukuta umesimama. Eliane anaendelea kumwaga, jagi linakwenda kuisha. Hapo niliilaani mikono yangu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuuomba ukuta uanguke, lakini siku hiyo niliuomba. Nilimwambia Mungu, hii kazi ni nzuri mno, iharibu.

Tofali moja la juu likasogea. Likadondoka mezani, likatoa sauti ndogo. Likafuata la pili, kisha mstari mzima ukalegea, na ukuta wote ukateleza chini kwa pamoja, mlango na dirisha na vyote, hadi ukalala mbele ya nyumba. Kuta za pembeni hazikugusika. Paa halikusogea. Na kule ndani, pakavu kabisa, kitanda cha mfalme, mkeka, na msichana wa majani ya mgomba amesimama na ufagio wake, anawatazama.

Yule mama mwenye mvi alivua miwani. Hakufuta karatasi zake wala hakuzisogeza.

Wakamuuliza maswali. Ukuta mkubwa utakuwa mita ngapi? Maji yatakwenda wapi jukwaani? Watu wa mbele hawataumia? Mwanangu alijibu yote amesimama wima: utajengwa kwa matofali mepesi ya maboksi, maji yatapokelewa na shitingi ya plastiki, viti vya mbele vitasogezwa mita mbili. Kwa kila jibu nilisikia kifua changu kinapanuka. Nilijua anajua kuandika. Kwamba anajua kujenga, hilo sikulijua. Ukuta ule mimi niliuweka nikidhani ninafunika kosa lake, na yeye akaufanya kuwa mlango.

Waamuzi waliinama wakanong'ona. Haikuchukua muda. Bwana Rwakabuba akasimama, suruali imelowa magotini.

"Kale," akasema, yaani sawa. "Desemba, jukwaa ni yenu."

Léoncie akapiga vigelegele vya Kirundi. Eliane hakupiga kelele. Aligeuka tu, akanitafuta kwa macho katikati ya viti mpaka akanipata.

"Lakini mimi iko na swali," Bwana Rwakabuba akaendelea. Alikuwa ameshika tofali moja, analigeuza kidoleni. "Mimi nilijenga nyumba yangu, najua ukuta. Hii ya mbele hakufungwa kona. Kushoto hapana, kulia hapana. Kazi mbaya sana. Fundi nani alifanya hii?"

Watu wa makundi yote manne waligeuka. Ni watu wa Nakivale, wengi wananijua, wengine wanalala ndani ya nyumba nilizojenga. Nilisimama, nikavua kofia.

"Ni miye," nikasema. "Byamungu. Na ule mukubwa wa Desemba nitaujenga vibaya vilevile."